Vimelea na Sumu Katika Bonde Moja: Historia ya Afya Kutoka Rudewa

Katika mijadala yetu ya afya ya umma tumezoea kuyatenga mambo mawili. Upande mmoja tunaweka magonjwa ya kuambukiza: malaria, kipindupindu, kifua kikuu, homa ya Bonde la Ufa. Upande wa pili tunaweka uchafuzi wa mazingira: majitaka ya viwanda, viuatilifu, moshi wa kuni. La kwanza tunamwachia daktari, la pili tunamwachia mkaguzi wa mazingira, na kila mmoja ana wizara yake, bajeti yake na ripoti yake. Utengano huu una manufaa ya kiofisi. Kwa mwanahistoria, hata hivyo, una kasoro kubwa: haulingani na namna watu walivyougua.

Ili kuonyesha hoja hiyo nachukua mahali padogo. Rudewa iko wilayani Kilosa, mkoani Morogoro, kwenye barabara inayotoka Dumila kupitia Msowero kwenda Kilosa mjini. Magharibi yake kuna milima ya Usagara na Ukaguru, na mashariki kuna mbuga ya Mkata. Mito inayoshuka kutoka milimani, mkubwa ukiwa Mkondoa, hukusanyika katika mfumo wa Wami na kuishia Bahari ya Hindi karibu na Saadani. Kwa hiyo kinachomwagwa mtoni Kilosa huwafikia watu ambao hawajawahi kuiona Kilosa. Tukilitazama bonde hili kwa kipindi cha miaka mia moja na sitini hivi, tunaona kwamba kila mfumo mpya wa uchumi ulioingia ulikuja na ugonjwa wake pamoja na uchafu wake, na kwamba gharama ya vyote viwili iliwaangukia watu walewale.

Njia ya misafara

Kabla ya reli, bonde la Mkondoa lilikuwa sehemu ya njia kuu kutoka Bagamoyo kwenda Unyamwezi na Ujiji. Pembe za ndovu na watumwa walishuka pwani. Nguo, shanga na bunduki zilipanda bara. Richard Burton na John Speke walipopita Usagara mwaka 1857, walikuta kando ya njia mabaki ya wapagazi waliokufa kwa ndui. Mpagazi aliyeugua hakuwa na wa kumbeba. Mzigo wake uligawiwa kwa wenzake, naye aliachwa. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley aliivuka mbuga ya Mkata wakati wa masika, msafara ukitembea katika maji na matope, na baada ya hapo yeye mwenyewe aliugua kuhara damu.

Tusidhani kwamba magonjwa haya yalikuwa tabia ya asili ya nchi. Ndui ilisafiri kwa mwendo wa wapagazi. Kipindupindu cha mwaka 1869 na 1870, ambacho daktari James Christie wa Zanzibar alikifuatilia na kukiandikia kitabu mwaka 1876, kilifuata njia za biashara zilizounganisha bara, pwani na visiwa. Kambi za misafara zilikuwa vituo ambako maelfu ya watu walilala mahali palepale, wakanywa kisima kilekile, na wakaacha kinyesi chao karibu na maji. Papasi walizaliana katika sakafu na kuta za vibanda hivyo. Robert Koch, alipokuwa katika koloni la Wajerumani mwaka 1905, aliwachunguza papasi wa njia za misafara na kuonyesha kwamba vimelea vya homa ya papasi hupita hata katika mayai yao, hivyo kizazi kipya huzaliwa tayari kina maambukizi. Aliona pia kwamba wenyeji walikuwa na kinga ambayo wageni hawakuwa nayo. Kinga hiyo ilitokana na kuugua tangu utotoni, haikuwa zawadi.

Katika miaka ya 1890 likaja pigo la sotoka, lililoangamiza ng'ombe katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki. Mifugo ilipokufa na watu walipopungua kwa njaa na ndui, mashamba yakageuka vichaka, na vichaka vikawa makazi ya mbung'o. Watafiti Helge Kjekshus na John Ford wameeleza kwa kirefu kwamba kabla ya hapo jamii za Kiafrika zilikuwa zikimdhibiti mbung'o kwa kulima, kuchoma nyasi kwa wakati na kulisha mifugo kwa mpangilio. Mkoloni alipofika alikuta pori, akaliita pori la asili. Kwa sehemu kubwa lilikuwa pori la msiba.

Reli, mkonge na maji ya korona

Novemba 1884 Carl Peters alifika Msowero na kupata alama ya Mangungo kwenye karatasi ambayo Wajerumani waliitumia kudai nchi. Kila mwanafunzi wa sekondari nchini anaujua mkataba huo wa kilaghai. Wachache hukumbuka kwamba Msowero ni jirani wa Rudewa, na kwamba ardhi iliyodaiwa kwa karatasi zile ndiyo baadaye iliyogawanywa kuwa mashamba makubwa. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914. Ilipopita Kilosa na Kimamba, ardhi ya bonde ikapata bei.

Mkonge ulikuwa umeletwa na Richard Hindorf mwaka 1893. Kati ya miche 1,000 iliyotumwa kutoka Florida, 62 tu ndiyo iliyofika Tanga ikiwa hai. Kutokana na miche hiyo Tanganyika ikaja kuwa mzalishaji mkubwa wa mkonge duniani, na Kilosa, pamoja na Kimamba na Rudewa, ikawa mojawapo ya maeneo ya zao hilo. Wafanyakazi walitoka mbali. Waliitwa manamba, kwa sababu mtu aliandikishwa kwa namba, na kuanzia mwaka 1944 wenye mashamba walikuwa na ofisi yao ya kuajiri, SILABU, iliyokusanya vijana kutoka mikoa ya mbali na kutoka nchi jirani.

Hapa ndipo uhusiano wa vimelea na uchafu unapoonekana waziwazi. Jani la mkonge likipita katika mashine ya korona hutoa nyuzi ambazo ni takriban asilimia 4 tu ya uzito wake. Asilimia 96 inayobaki ni maji machungu na nyama ya jani. Kukwangua singa kunahitaji maji mengi, kwa hiyo korona hujengwa karibu na mto, na kwa miongo mingi mabaki yalirudishwa mtoni au kurundikwa kando yake. Mabaki hayo yanapooza hunyonya hewa ya oksijeni iliyomo majini, samaki hufa, na maji huwa meusi yenye harufu. Marundo yanayooza huzalisha nzi wanaouma watu na mifugo.

Anayeishi chini ya korona hufanya nini? Huacha mto, akachimba kidimbwi au kisima kifupi karibu na makazi. Kambi yenye watu wengi na vyoo vichache huchafua kisima hicho. Anayekwenda bila viatu kwenye udongo wenye kinyesi hupata safura. Anayesimama katika maji yaliyotuama hupata kichocho. Anayelala katika chumba kimoja na wenzake wengi hupata kifua kikuu. Ukimpima mtu huyo utakuta minyoo, na minyoo ndiyo itakayoandikwa katika daftari la zahanati. Maji ya korona hayataandikwa, ingawa ndiyo yaliyomfukuza mtoni. Takwimu zetu za magonjwa kwa kawaida huanzia pale mgonjwa anapofika mlangoni. Historia inapaswa kuanzia mtoni.

Mashamba mengi ya mkonge yalitaifishwa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, na miaka mingi baadaye yakabinafsishwa. Mmiliki alibadilika mara mbili, lakini asilimia 96 ya jani ilibaki palepale. Kwamba jambo hili lina ufumbuzi wa kiufundi limeonyeshwa nchini mwetu: huko Hale, mkoani Tanga, mabaki ya mkonge yametumika kuzalisha gesi na umeme. Kwa hiyo mto ukiendelea kupokea mabaki, sababu yake haiwezi kuwa kukosa maarifa.

Pamba na ghala la sumu

Zao la pili la bonde lilikuwa pamba. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Ilonga, karibu na Kilosa mjini, kilijengewa jina na utafiti wa pamba kabla ya kujulikana kwa mbegu zake za mahindi. Pamba ni zao linaloshambuliwa sana na wadudu, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia jibu la kitaalamu lilikuwa moja: DDT na jamaa zake. Paul Müller alipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1948 kwa kugundua nguvu ya DDT dhidi ya wadudu. Tuzo ilikuwa ya tiba, si ya kilimo, kwa sababu kemikali hiyohiyo iliyopulizwa shambani ndiyo iliyopulizwa katika kuta za nyumba kuua mbu. Kati ya mwaka 1955 na 1959, mradi wa Pare na Taveta ulipuliza dieldrini katika nyumba za maelfu ya watu ili kupima kama malaria ingekatika. Malaria ilipungua sana na vifo vya watoto vikashuka.

Mfano huu unapaswa kutuzuia tusifanye wepesi wa kulaani. Sumu ile iliokoa watoto. Swali la kihistoria ni lingine: nani aliyepewa jukumu la kile kilichobaki baada ya kazi kwisha? Kijiji cha Vikuge, wilayani Kibaha, kinatoa jibu la kusikitisha. Mwaka 1986 takriban tani 170 za viuatilifu vilivyokuwa vimepitwa na muda kwa sehemu viliwekwa pale, vikiwa msaada kutoka Ugiriki. Banda lililovihifadhi lilibomoka, mvua ikanyesha, na sumu ikaingia katika udongo na maji. Watafiti walioupima udongo miaka mingi baadaye bado waliikuta DDT. Tanzania iliridhia Mkataba wa Stockholm kuhusu kemikali zinazodumu mwaka 2004, miaka 18 baada ya mzigo ule kushushwa.

Mkulima wa leo wa Kilosa hana banda la tani 170. Ana bomba la mgongoni na chupa aliyoinunua dukani, mara nyingi bila glovu wala barakoa, na chupa ikiisha huoshwa mferejini. Ni uchafuzi uliogawanywa katika vipimo vidogo mno kiasi kwamba hakuna wa kushtakiwa. Nao unagusa moja kwa moja maambukizi: viuatilifu vya shambani vinavyotiririka hadi kwenye mazalia ya mbu huwachuja mbu, wale dhaifu wakafa na wale sugu wakazaana. Chandarua chenye dawa ya kundi lilelile kitakapotundikwa, mbu atakuwa amekwisha kuizoea. Idara ya kilimo na mpango wa malaria wanatumia silaha moja bila kuulizana.

Ng'ombe, mafuriko na homa

Katika mapigano ya wakulima na wafugaji ya Desemba 2000, watu 38 waliuawa Rudewa Mbuyuni. Mengi yameandikwa kuhusu siasa ya ardhi iliyozaa msiba ule: mashamba makubwa yaliyochukua ardhi nzuri ya bonde, vijiji vya wakulima na vya wafugaji vilivyobanwa kati ya mashamba hayo, na mipaka isiyoheshimiwa. Sitarudia uchambuzi huo. Nataka kuongeza jambo moja ambalo huachwa: mto uliogombewa ulikuwa pia suala la afya. Panapokuwa na mahali pamoja pa kunyweshea ng'ombe, kumwagilia bustani na kuchota maji ya kunywa, ugomvi na maradhi huwa na chanzo kimoja. Mkulima na mfugaji walikuwa wanadaiana maji ambayo hayakuwa salama kwa yeyote kati yao.

Miaka sita baadaye ikaja homa ya Bonde la Ufa. Virusi vyake vilitambuliwa kwa mara ya kwanza karibu na Ziwa Naivasha, Kenya, mwaka 1931. Namna vinavyodumu inastahili kueleweka na kila ofisa wa wilaya yenye mbuga kama Mkata. Mbu wa jamii ya Aedes hutaga mayai katika udongo wa mabwawa ya msimu. Mayai hayo huweza kukaa katika ardhi kavu kwa miaka, mengine yakiwa tayari na virusi. Mvua kubwa isiyo ya kawaida ikija, mabwawa hujaa, mayai huanguliwa, mbu huuma mifugo, na mifugo hutupa mimba kwa wingi. Binadamu huambukizwa hasa kwa kugusa damu na maji ya mnyama anayechinjwa au anayezaa, na pia kwa kuumwa na mbu.

Mlipuko ulioanza Januari 2007 ulitoa taarifa za wagonjwa katika mikoa 10 kati ya 21 iliyokuwapo wakati huo, Morogoro ukiwamo. Watu 511 walishukiwa kuugua, 186 walithibitishwa kwa maabara, na 144 walikufa. Ulaji wa nyama ulishuka na wafugaji wakakosa soko kwa miezi. Mimba za ng'ombe zilitoka kabla binadamu hawajaanza kufa. Mfugaji aliiona dalili ya kwanza. Kama ripoti ya mfugaji na ya daktari wa mifugo ingekuwa na njia ya haraka ya kufika kwa mganga mkuu wa wilaya, muda wa kujiandaa ungekuwapo.

Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010, Mto Mkondoa ulifurika Kilosa. Maelfu ya watu walihama nyumba zao na kuishi kwenye mahema, na Reli ya Kati ikakatika. Januari 2014 mafuriko yaliikumba Dumila na Magole. Milima ya juu ikikatwa miti kwa kilimo na mkaa, mvua hushuka na udongo, udongo hujaza mto, na mto huacha njia yake. Maji ya mafuriko huchukua kilichomo katika vyoo, katika mazizi na katika maghala ya viuatilifu, yakavichanganya na kuvileta visimani kwa pamoja. Mafuriko hayaulizi kama uchafu ni wa idara ya afya au wa mazingira.

Kidonge na moshi

Kati ya mwaka 2014 na 2017 Kilosa iliingia katika mojawapo ya majaribio makubwa ya tiba duniani, yaliyoitwa MORDOR. Wazo lake lilitokana na ugonjwa wa vikope. Katika kampeni za kuutokomeza nchini Ethiopia, watoto waliopewa dawa ya azithromaisini walionekana kufa kwa kiwango kidogo kuliko wenzao. Watafiti wakauliza: je, kuwapa watoto wote wa umri wa mwezi 1 hadi 59 dawa hiyo mara mbili kwa mwaka, wawe wagonjwa au wazima, kutapunguza vifo? Nchi tatu zilihusika: Niger, Malawi, na Tanzania kupitia Kilosa.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Kwa nchi zote tatu vifo vilipungua kwa asilimia 13.5. Niger vilipungua kwa asilimia 18.1, Malawi kwa 5.7, na Tanzania kwa 3.4, tofauti ambayo kitakwimu haiwezi kutenganishwa na bahati. Wengi walilisoma kama jibu dhaifu la Kilosa. Nadhani kuna usomaji mwingine. Vifo vya watoto Kilosa vilikuwa tayari chini sana kuliko vya Niger, hivyo dawa ilikuwa na kazi ndogo ya kufanya. Dawa ya jumla inaonekana kufanya miujiza zaidi pale ambapo watoto wanakufa kwa wingi. Nako Niger, uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba vinasaba vya usugu dhidi ya dawa za kundi hilo viliongezeka katika matumbo ya watoto. Antibayotiki iliyosambazwa kwa wingi nayo huacha mabaki katika mazingira ya mwili na nje yake. Kwa maana hiyo, tiba yenyewe huweza kuwa aina ya uchafuzi.

Chanzo kimojawapo cha nimonia kwa watoto kinajulikana, nacho hakitibiwi kwa kidonge: moshi wa jikoni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hewa chafu ya majumbani ilichangia vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Moshi huharibu ulinzi wa mapafu, kisha bakteria humalizia kazi. Cheti cha kifo kitasema nimonia. Kilosa imekuwa pia mahali pa majaribio ya mkaa endelevu unaosimamiwa na vijiji tangu mwaka 2012, na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Kipimo cha mkakati huo, kwa mtazamo wangu, kisiwe idadi ya mitungi ya gesi iliyogawiwa. Kiwe idadi ya watoto wanaolazwa kwa nimonia katika vijiji vinavyozalisha mkaa wa kupikia miji.

Jukumu la nani?

Sheria hatukosi. Kifungu cha 4 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinampa kila mtu anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Ipo Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009, na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka huohuo. Lipo Baraza la Taifa la Mazingira, ipo Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, ipo Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Tangu 2018 lipo pia dawati la Afya Moja chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, lenye kazi ya kuunganisha afya ya binadamu, wanyama na mazingira. Kinachokosekana ni kuteremsha muungano huo hadi mahali ambapo maji yanachotwa.

Kwa watumishi wa umma walio katika halmashauri, napendekeza mambo matatu yasiyohitaji sheria mpya. Kwanza, majibu ya vipimo vya maji ya mito na visima yabandikwe katika ofisi ya kijiji, kwa Kiswahili, kama tunavyobandika mapato na matumizi. Pili, kabla ya kila msimu wa mvua, mganga mkuu, ofisa mifugo, ofisa kilimo na mtu wa bonde la maji wakae meza moja wakiwa na ramani moja ya mabwawa, mazizi, maghala ya viuatilifu na visima. Tatu, taarifa ya mimba za mifugo kutoka ipokelewe kama taarifa ya afya ya binadamu.

Kwa wanafunzi, kazi iko katika kumbukumbu: madaftari ya zahanati za mashamba ya mkonge, faili za wakaguzi wa kazi, na simulizi za wazee waliokuwa manamba, ambao wanazidi kupungua. Kwa wanaharakati, ninaomba tuache kuwapanga mkulima na mfugaji kama maadui katika suala ambalo wote wawili ni wadai. Deni hilo lina umri mrefu kuliko mipaka ya vijiji vyao, na wadaiwa wake wengi wana anwani nje ya Rudewa.